Parsimei wa Kitambaani Atoe Kondoo

Kimandolu, chini ya Mlima Meru
Tarehe 14 Agosti 1912

Kwa Bwana Mkubwa wa Boma,
Arusha

Bwana Mkubwa Mheshimiwa,

Nakuamkia kwa adabu zote, uwe umekaa au umesimama. Natumaini u mzima, farasi wako ni mzima, na lile jino lililokusumbua siku ya baraza limekwisha kung'oka. Mimi si mzima. Jina langu ni Parsimei wa Kimandolu, mchekeshaji. Najua karani wako Dismasi ndiye atakayekusomea barua hii, nami namwomba tangu sasa asicheke, kwa sababu humu hamna mahali pa kuchekea. Nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa herufi nilizofundishwa misheni miaka miwili kabla hawajanifukuza kwa kumwigiza mchungaji akitafuta miwani aliyoivaa.

Naleta mashtaka juu ya mtu mmoja aitwaye Parsimei. Si mimi. Ni yule aliyemo ndani ya sanduku la bati la Mzungu mgeni, yule anayezungusha mpini wa mashine kutwa nzima, ambaye sisi tumempa jina la Bwana Zungusha. Mtu huyo wa sandukuni ana sura yangu, ana shuka langu, ana hata kovu langu la muundi wa kushoto, na amenivunjia nyumba. Mke wangu Nanyori ameondoka, leo ni siku ya tisa. Yuko kwa mama yake na watoto wetu wawili na vibuyu vyote vya maziwa, na amesema harudi mpaka shauri hili liishe. Hilo ndilo ninalolilia. Mengine yote hapa chini ni maelezo tu, ingawa ni marefu.

Ili ushike mambo vizuri, sharti kwanza uijue kazi yangu, maana kwenye daftari la boma nimeandikwa kuwa ni mkulima, na hilo ni kosa la jumbe. Migomba ninayo, ndiyo, lakini migomba inajiotea yenyewe. Kazi yangu ni kuchekesha watu. Hakuna harusi, hakuna sherehe ya jando, hakuna pombe ya asali kuanzia hapa mpaka kwa Wameru wa Akeri inayoanza kunywewa kabla sijafika. Namwigiza mzee Loishiye, msemaji wa rika la baba zetu, akiwaita kwa hasira ng'ombe ambao wamekwisha rudi zizini. Namwigiza mtu anayekataa nyama mara tatu huku mkono wake umo chunguni. Namwigiza akida juu ya punda, na punda pia namwigiza, na watu husema wa pili ndiye niliyempatia zaidi.

Mwezi uliopita Bwana Zungusha akafika kutoka Moshi kwa gari la ng'ombe. Alitaka kuupiga picha mlima wetu, lakini mlima ukakaa ndani ya mawingu siku nne mfululizo, nawe unaijua tabia yake. Alipochoka kuungoja aligeuka akanikuta mimi nyuma yake, namwigiza yeye mwenyewe, nazungusha mkia wa mbuzi. Hakukasirika. Alicheka mpaka kofia ikadondoka, akanisimamisha kando ya mfereji wetu wa maji, akanionyesha kwa mikono kwamba nifanye nipendavyo. Nikafanya. Nilitembea kama akida, nikala ndizi ya kuchoma, mbuzi akanivuta shuka, nikaanguka mferejini, nikatoka. Yote yalikwisha kabla maziwa hayajachemka. Akanipa mkono, nami nikaenda zangu kumwagilia maharage, nikidhani tumemalizana.

Kumbe wapi! Alilitafuta ghala tupu la mahindi kule sokoni, akayaziba madirisha kwa ngozi za ng'ombe ili pawe na giza mchana kweupe, akatundika kitambaa cheupe ukutani, akaita watu. Na pale juu ya kitambaa akatokeza huyo mwenzangu. Malalamiko yangu juu yake ni haya.

1. Alimtazama mkwe wangu usoni. Bwana Mkubwa, sijui ninyi kwenu mnaishije na mama wa wake zenu. Askari mmoja alinieleza kwamba mnaketi nao meza moja na kupeana chumvi, nikamwambia aache uzushi. Kwetu sisi Waarusha, mwanamume hamtazami mama wa mkewe, wala yeye hamtazami mwanamume huyo. Tukikutana njiani, mmoja anaingia migombani mpaka mwenziwe apite. Jina lake silitaji, ndiyo maana hata hapa silitii kwenye karatasi, na tafadhali usimwulize Dismasi, huyo hupenda kuropoka. Kwa miaka tisa ya ndoa yangu nimemjua mama huyu kwa kikohozi chake na kwa kisigino kimoja. Nikialikwa kwenye sherehe, yeye huinuka na kuondoka kabla sijafungua kinywa. Ndiyo heshima, na sote wawili tumeitunza bila doa.

Siku ya kwanza ya picha wanawake waliketi mbele. Mkwe wangu naye akaingia, kwa sababu alihakikisha kwamba mimi niko nje nafunga mbuzi, na ni kweli nilikuwa nje. Basi huyo wa kitambaani akatoka majini, akasogea mbele mpaka uso wake ukawa mkubwa kama mlango wa zizi, akamkazia mama wa watu macho, halafu akamkonyeza. Akamkonyeza, Bwana Mkubwa! Na mle ghalani hamna mgomba hata mmoja wa kujificha.

2. Alikula mbele yake. Ndizi nzima, kinywa wazi. Mimi hula nimefunga kinywa, na Nanyori ni shahidi, au angekuwa shahidi kama angekuwapo nyumbani.

3. Habari ya mbuzi na shuka. Hii sitaieleza. Dismasi, ruka. Nasema tu kwamba mbuzi alivuta kuliko ninavyokumbuka mimi.

4. Wazee wameniona mimi ndiye mkosaji. Waliketi siku iliyofuata, na mzee Loishiye akatoa neno kwamba nipeleke kondoo jike na asali ya kutengenezea pombe ili mama yule aondolewe aibu. Nikasimama, nikawauliza kwa heshima: aliyemtazama mkwe ni nani? Mimi nilikuwa nje, na mbuzi wote ni mashahidi wangu. Mzee Loishiye akaniuliza kovu lililoonekana kwenye muundi wa yule mtu ni la nani. Nikamjibu kwamba ni langu, na kwamba hilo nalo ni shtaka, maana ameliiba. Wazee wakanywa maji. Nikaendelea, nikasema kwamba mwenye jicho lililokonyeza ndiye atoe kondoo, na jicho hilo liko sandukuni kwa Bwana Zungusha. Mzee mmoja aliyekuwa amesinzia akaamka akasema kwamba maneno yangu yana akili, kisha akasinzia tena, kwa hiyo shauri halikukatwa. Nanyori aliposikia halikukatwa, akafunga mizigo. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba haiwezekani mwanamke apike kwa mtu aliyemkonyeza mama yake, awe alimkonyeza kwa jicho lipi.

Tena uovu haukuishia siku moja. Bwana Zungusha anamtoa mtu huyu sandukuni kila siku, na kila siku huyo mtu anarudia kosa lile lile bila haya, ndizi, shuka, jicho. Mkwe wangu, kwa kuwa ni mwanamke anayependa haki, hajakosa hata siku moja. Anafika wa kwanza, na anaketi mbele kabisa, katikati, ili kuhakikisha kwamba kosa limetendeka tena. Nasikia anakwenda na jirani zake wawe mashahidi, na jana alikwenda na kigoda. Nayafikiria sana mateso anayoyapata mama yule pale mbele.

5. Hili lilipaswa kuwa la kwanza, lakini nilitanguliza mambo ya nyumbani. Mtu huyu anaiua kazi yangu. Wiki iliyopita nilialikwa harusini, nikaanza na sauti yangu ya fisi aliyekuta zizi limefungwa, sauti iliyonichukua misimu miwili ya mvua kuipata. Watu wakaniambia ninyamaze. Ninyamaze! Walisema yule wa kitambaani hasemi neno na anachekesha zaidi, basi nami nichezeshe midomo bila sauti. Nikachezesha. Wakasema natembea polepole mno, yule wa ghalani ana miguu myepesi kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto, au mimi naumwa? Nikakimbia. Wakasema si hivyo.

Halafu yakaja makubwa. Bwana Zungusha ana mchezo wa kuuzungusha mpini kinyume, na hapo yule mtu hutoka mferejini kwa kurudi nyuma, maji yanamkimbia, anasimama ukingoni akiwa mkavu, na ndizi inamtoka kinywani ikiwa nzima. Sasa watu wote wa Kimandolu wanataka nifanye hivyo. Nimejaribu. Nimeanguka mferejini mara sita, na mara zote sita nimetoka kwa njia ya kawaida, nikiwa nimelowa. Mzee mmoja mwenye busara zake alinihurumia, akaniambia nisikate tamaa, nikijitahidi nitakuja kufanana na Parsimei.

6. Kazi ya barabara. Juzi jumbe alipita kuandika watu wa kwenda kuchimba barabara ya magari ya ng'ombe, akaniandika mimi. Nikamwambia kwamba kwa kuwa wazee wanasema mimi na yule ni mtu mmoja, basi mmoja wetu akienda inatosha, naye yule ana nafasi, kwa sababu tangu asubuhi amelala sandukuni. Halafu hali chakula, haugui, hachoki, na akianguka shimoni anatoka mwenyewe kwa kurudi nyuma. Serikali itapata wapi kibarua kama huyo? Jumbe akasema mimi ndiye ninayetakiwa kwa sababu ndiye mwenye mikono. Kwa hiyo, Bwana Mkubwa, linapokuja suala la kondoo sisi ni mtu mmoja, na linapokuja suala la jembe sisi ni wawili. Naomba serikali ichague.

7. Akida. Yeye mwenyewe alikwenda ghalani, akatazama ule mwendo, akacheka kuliko watu wote, akauliza huyo mjinga mwenye tumbo anayeigizwa ni nani. Watu wote walitazama dari. Naogopa siku atakapojibiwa. Siku hiyo naomba ikumbukwe kwamba viboko hamsa wa ishirini, yaani ishirini na vitano, ni haki ya yule wa kitambaani, apigwe kwa nguvu zote, wala sitamwombea msamaha.

8. Nimesikia kwamba Bwana Zungusha akitoka hapa atarudi Moshi, kisha Tanga, kisha Ulaya. Hebu nisaidie kufikiri. Kama yule ni mimi, basi yeye pia ni mume wa Nanyori. Akianguka mferejini mbele ya watu wa Tanga, watasema mume wa Nanyori ameanguka Tanga, na siku hiyo hiyo mimi niko hapa napalilia maharage. Mwanamke mmoja atakuwaje na mume anayeanguka miji miwili kwa siku moja? Na akifika Ulaya akawakonyeza mama wakwe wa huko, kondoo hao wote atawatoa nani? Tena, nasema bila kuficha, kwa nini yeye aione Ulaya kabla yangu mimi niliyeanguka?

Kwa sababu hizo zote naomba mambo manne. Kwanza akamatwe. Najua Dismasi atasema mtu wa namna ile hafungiki, lakini mimi nalijua boma letu, halijapata kushindwa kumfunga mtu kwa kukosa sababu. Pili, akishafungwa, atoe kondoo jike na asali, apeleke mwenyewe kwa mkwe wangu, akiwa ameinamisha uso. Tatu, akimaliza kifungo aende barabarani. Nne, sanduku lake lichomwe moto hadharani, na mimi niruhusiwe kusimama karibu nikiigiza moshi, ili watu wakumbuke nani ni nani.

Bwana Mkubwa, nimeandika kwa utaratibu kama tulivyofundishwa, jambo moja baada ya jingine, lakini ukweli ni kwamba nyumba yangu imepoa. Jiko halina moto tangu juma lililopita. Namkumbuka Nanyori, nasema wazi, wala sioni aibu mbele ya karani. Nikirudi kutoka kuchekesha watu yeye ndiye huniuliza nani alicheka zaidi na alicheka vipi, na sasa narudi, namsimulia mbuzi. Watoto wangu nawasikia wakicheza ng'ambo ya migomba ya bibi yao na siwezi kuvuka. Kama serikali ina nguvu za kuleta reli mpaka Moshi, haitashindwa kumrudisha mke mmoja mpaka Kimandolu.

Nisalimie Bibi Mkubwa, na mpishi wako, na askari wote wa lango, isipokuwa yule mwenye masharubu, anajua alilosema juu ya mbuzi. Msalimie farasi. Nawasalimu pia wafungwa, maana wawili ni ndugu zangu upande wa mama. Dismasi namsalimu akiwa hakucheka.

Ni mimi, mwenye utii na mwenye njaa,

Parsimei wa Kimandolu,
yule wa kwanza

Nyongeza, imeandikwa asubuhi ya pili yake, kabla barua haijapelekwa:

Bwana Mkubwa, ngoja kwanza, usimkamate mtu. Nanyori amekuja. Alifika jua likichomoza, akaketi kwenye kizingiti, hakusalimu, akaanza habari kutoka mwishoni, kama kawaida yake, mpaka nikamwomba arudi mwanzo.

Anasema mama yake haendi ghalani kuhakikisha kosa. Anakwenda kucheka. Siku ya kwanza alicheka mpaka akateleza kwenye mkeka, wanawake wawili wakamshika. Anasema mama yake kwa miaka tisa ameinuka kwenye kila sherehe niliyofika, akashika njia ya nyumbani, akasikia kicheko cha watu wote nyuma yake, na akifika huketi jikoni peke yake akijiuliza mkwe wake amefanya nini. Kesho yake humwuliza binti yake amsimulie, na Nanyori, nimekwisha sema, huanza na mwisho. Kwa miaka tisa mama yule amesimuliwa miisho tu.

Jana mzee Loishiye amekata shauri. Amesema nilivyosema mimi: yule wa kitambaani si mkwe wa mtu, kwa hiyo mama anaweza kumtazama apendavyo, na kondoo hadaiwi mtu. Nimeshinda kesi, Bwana Mkubwa. Nanyori amerudisha vibuyu. Lakini mama yake amemtuma na neno moja, kwamba Bwana Zungusha anaondoka Ijumaa, na je, hawezi kuwaachia yule mtu hata mpaka mavuno?

Kwa hiyo naomba sanduku lisichomwe. Mzuie Bwana Zungusha asiondoke, mfungie hata ng'ombe wa gari lake kama hapana budi. Barabara nitachimba mimi. Akida akijua, viboko ni vyangu.

Na kondoo nitamtoa leo. Kwa watu nitasema ni zawadi, lakini wewe nakueleza ukweli, na Dismasi aapishwe kabla ya kuusoma. Bwana Zungusha hakuniambia nikonyeze. Wala sikudhani tumemalizana: alipoanza kuzungusha ule mpini Nanyori alikuwa amekwisha nieleza, kwa habari alizozipata sokoni, kwamba picha hizi wataonyeshwa wanawake wote, na mama yake atakwenda. Nilijua nani atakaa mbele. Yule ni mimi, kuanzia kovu mpaka jicho, na nilimkonyeza yeye.